Maswali Yenu: Magauni ya Essex na Ramu ya Virginia

Ni kweli wanawake wa Marekani walianza kupiga kura 1920?
Hili nimelijibu mpaka nimechoka: si kweli. Katiba ya jimbo la New Jersey ya 1776 iliwapa kura "wakazi wote" waliotimiza umri, wenye mali ya pauni 50 na waliokaa kwenye kaunti mwaka mzima. Haikutaja jinsia wala rangi. Wajane na wanawali wenye mali wakapiga kura, na Weusi huru pia. Kiingereza hutenganisha "yeye" wa kiume na wa kike. Sheria ya uchaguzi ya 1790 iliwaandika wote wawili. Hapo mtasema waliteleza?

Na wake za watu?
Mali ya mke ilikuwa ya mume. Hizo pauni 50 angezitoa wapi?

Nasikia wanawake wa New Jersey walinyang'anywa haki kwa sababu waliiba kura.
Umesikia maneno ya walionyang'anya. Februari 1807 Kaunti ya Essex, humo humo New Jersey, ilipiga kura kuamua mahakama ijengwe Newark au upande wa Elizabethtown. Kura zikazidi wapiga kura. Walipiga watoto, wakapiga wageni, na wanaume walivaa magauni wakarudi kituoni upya. Bunge la jimbo likafuta matokeo. Novemba likapitisha sheria: kura ni ya mwanamume Mzungu mlipa kodi. Aliyevaa gauni kwa hila akabaki na kura. Mwenye gauni lake akafungiwa mlango.

Tena mtazameni aliyeisukuma sheria hiyo: John Condict, ambaye 1797 wanawake wa Elizabethtown nusura wamwangushe. Kinyongo cha miaka 10! Mwanasiasa akiwaambia anasafisha daftari la wapiga kura, ulizeni kwanza nani alimnyima kura.

Na jimbo la Virginia, enzi hizo, kura ilikuwa ya siri?
Siri gani? Unasimama mbele ya sherifu, unataja mgombea wako kwa sauti, karani anaandika, na mgombea aliyeketi hapo hapo anakushukuru. Mwenye shamba unalolikodi naye anasikia.

Takrima je?
James Madison, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, alikataa kuwanywesha watu 1777, akakosa kiti cha bunge la jimbo. George Washington, 1758, Virginia ikiwa bado koloni, hakuwepo hata siku ya kura, alikuwa vitani. Rafiki zake wa Kaunti ya Frederick wakamwaga ramu, divai na bia, akashinda. Baadaye akaandika kwamba hofu yake ni moja tu: wasije wakawa walibana mkono.