Ukumbi Uliookolewa na Kusahauliwa

Swali la juma hili lilikuwa: ni jengo gani la zamani, miongoni mwa tuliyowahi kuyatembelea, linalotunza historia yake vyema kuliko mengine? Jibu langu ni ukumbi wa maonyesho wa Drottningholm, karibu na Stockholm nchini Uswidi, ambao haukuokolewa na mhifadhi yeyote bali na watu kutoujali.

Ulikamilika mwaka 1766 kwa ajili ya Malkia Lovisa Ulrika, na mwanawe, Mfalme Gustav III, aliyekuwa mpenzi mkubwa wa sanaa za jukwaani, ndiye aliyeupa enzi yake bora. Alipouawa mwaka 1792, baada ya kupigwa risasi katika dansi ya vinyago, ukumbi nao ukaachwa. Mwaka 1921 mtafiti Agne Beijer aliingia humo akitafuta mchoro, akakuta jukwaa zima limelala chini ya vumbi, pamoja na mitambo na mandhari zake za kuchorwa. Laiti warithi wangeupenda zaidi, bila shaka wangeufanyia ukarabati kwa kufuata mitindo ya karne ya 19, nasi leo tusingekuwa na cha kutazama.

Mitambo hiyo ndiyo hasa inayostahili safari. Chini ya jukwaa kuna mtambo wa mbao unaozungushwa kwa nguvu za mikono, mfano wa ule wa kuvutia nanga, na kamba na kapi zilizofungwa kwake huvuta mandhari za pande zote mbili kwa pamoja, hata msitu ukageuka chumba cha kasri mbele ya macho ya watazamaji. Radi ni sanduku lenye mawe, ambalo likiinamishwa mawe hubingirika na kunguruma. Bahari ni magogo yaliyochongwa kwa mizunguko kama skrubu, na yakizungushwa mawimbi huonekana yakisogea.

Udanganyifu huo haukuishia jukwaani. Niliposogelea nguzo niliyodhani ni ya marumaru, niliona michirizi ya brashi juu ya mbao, na mapambo kadhaa ya ukutani kumbe ni karatasi iliyofinyangwa.

Majira ya kiangazi opera bado huimbwa humo. Wapo wanaoona kwamba huko ni kuuchakaza. Mimi naona mtambo usiozungushwa hubaki kuwa mbao tu. Mishumaa imebadilishwa kwa taa za umeme zinazopepesa kama miali, na hilo sina neno nalo, kwa kuwa mle ndani karibu kila kitu ni mbao, kamba na kitambaa.