Jogoo Alipewa Dereva, Je, Aliyepokea Simu?

SWALI

Shikamoo Bibi Mkunga. Mke wangu alishikwa na uchungu usiku, mvua inanyesha, akajifungulia nyumbani kabla hatujawahi zahanati. Mtoto alitoka salama, ila kondo la nyuma likagoma na damu ikawa haikatiki. Nikapiga 115. Akapokea dada mmoja, akaniuliza maswali mfululizo, sauti yake haipandi wala haishuki. Mama mkwe alikuwa pembeni ananung'unika, "Huyo anauliza tu, gari liko wapi?" Gari likaja, Probox ya mtu wa kijiji cha jirani, tukafika hospitali, mke wangu akahudumiwa, na leo mtoto anacheka. Dereva nimempelekea jogoo. Wauguzi niliwashukuru ana kwa ana. Yule dada wa kwenye simu hata jina simjui. Nimpateje, na nimpe nini?

Baba Kichanga, Shinyanga

JIBU

Marahaba, Baba Kichanga, na hongereni sana.

Kwanza mtulize mama mkwe. Gari lilikuwa linatafutwa wakati uleule maswali yanaulizwa.

Bila shaka uliulizwa kama kondo limetoka, kanga ngapi zimelowa, mama anaongea au anasinzia. Huko si kupoteza muda. Mama anayevuja damu baada ya kujifungua anaweza kufariki ndani ya saa mbili, na majibu yako ndiyo yaliyomwambia huyo dada mpelekwe wapi: zahanati, kituo cha afya, au moja kwa moja hospitali yenye damu na chumba cha upasuaji. Akipotea hapo, dereva hata awe hodari vipi, atawafikisha mahali ambako mtaambiwa mwendelee mbele.

Halafu kuna hilo la gari. Mpango wa m-mama, ndio huo wa kupiga 115 kuwapatia wajawazito, waliojifungua na vichanga usafiri wa dharura, ulianzia hukohuko Kanda ya Ziwa, Sengerema na kwenu Shinyanga, kabla ya kusambazwa mikoa mingine. Uzuri wake ni kwamba haufi ambulensi isipokuwepo. Ikiwa mbali au iko safarini, mpokea simu anamtafuta dereva wa kijijini aliyesajiliwa, mwenye gari lake mwenyewe, naye analipwa kwa M-Pesa akishamfikisha mgonjwa. Kwa hiyo wewe ukihesabu kanga, mwenzio anatafuta nani yuko karibu, nani simu yake inaita, nani anaijua njia ya kwenu mvua ikinyesha. Huenda wa kwanza hakupokea kabisa. Hayo huyasikii, na ndivyo inavyotakiwa. Wasiwasi wake ukipenya kwenye simu, nawe utachanganyikiwa usijue hata kumwelekeza dereva apinde wapi.

Sisi wakunga tulifundishwa kwamba mzazi huponzwa na ucheleweshaji wa aina tatu: nyumbani, watu wakisitasita kuamua, njiani, na hospitalini, akifika asihudumiwe upesi. Mimi nilipokuwa zahanati ya kijijini, ule wa njiani ndio ulioninyima usingizi. Namtuma kijana na baiskeli akamwamshe mwenye gari, na mwenye gari anataka kwanza ajue nani atalipa. Ndugu wanaanza kuchangishana pale nje, huku mimi nimeshika mkono wa mgonjwa. Leo kazi yote ile, ya kumwamsha mtu na kumhakikishia pesa yake, anaifanya binti aliyekaa mezani mkoani. Basi usidhani alipokea simu tu.

Sasa zawadi. Pesa usipeleke, utamtia matatani kazini. Marekani wamewatengea watu wa kazi hii wiki nzima, ya pili ya Aprili, tangu Patricia Anderson wa ofisi ya sherifu ya Contra Costa, California, alipoianzisha mwaka 1981. Wiki siikatai. Lakini wapokea simu wana jambo moja linalowakereketa ambalo halitibiwi na sherehe: mwisho hawaujui. Gari likishaondoka, simu nyingine inaita. Asubuhi anatoka zamu na sauti yako bado iko masikioni, hajui mama alipona au mlirudi mnalia.

Mpelekee huo mwisho. Andika barua, utaje tarehe, saa, kijiji na namba ya simu uliyopigia, ndivyo watakavyomjua aliyekuwa zamu. Zahanati yenu watakuelekeza namna ya kuifikisha kituo cha m-mama cha mkoa, au siku ukienda mjini ulizia hospitali ya rufaa ya mkoa. Toa nakala kwa mkuu wake wa kazi, maana barua ya sifa huingia kwenye jalada la mtumishi na jogoo haingii. Usijisumbue na Kiswahili cha maofisini. Eleza mlifika saa ngapi, mama aliongezwa chupa ngapi za damu, alitoka hospitali lini. Na uzito wa mtoto usiusahau, sisi wa wodini tunauuliza kabla ya jina.