Jifunze blues kwa James Cotton, ukianzia Newport

Weka rekodi ambayo Muddy Waters, mwimbaji wa blues wa Marekani, aliipiga kwenye tamasha la jazz la Newport, Marekani, Julai 1960. Anayepuliza harmonika (kinanda kidogo cha mdomo chenye matundu) humo ni James Cotton, kijana wa miaka 25 aliyezaliwa Tunica, Mississippi, na kufundwa tangu utotoni na Sonny Boy Williamson wa pili. Kwa anayejifunza, rekodi ya jukwaani ina faida kubwa kuliko ya studio: unasikia harmonika inavyompisha mwimbaji, ikamjibu, ikanyamaza tena. Kunyamaza huko nako ni somo.

Wengi hukwama mapema kwa kuchukua harmonika yenye ufunguo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake) uleule wa wimbo. Hesabu herufi nne kuanzia ufunguo wa wimbo. Wimbo wa E unataka harmonika ya A (E, F, G, A), na wa G unataka C. Ukifanya hivyo, noti ya nyumbani, ile ambayo wimbo hurudi kutulia, inakuwa tundu la 2 la kuvuta (la pili kutoka kushoto, ukivuta hewa ndani), na noti za kuvuta ndizo zinazopinda (yaani kushuka sauti kwa kubadili ulimi na pumzi) vizuri huku chini.

Tundu hilo la 2 limewatesa wengi. Linakoroma au halitoi kitu, mtu akadhani kauziwa mbovu. Mara nyingi tatizo ni kwamba unavuta kwa nguvu mno na ulimi umepanda, kwa hiyo noti inapinda kabla hujataka. Jipime hivi: puliza tundu la 3, kisha vuta la 2. Lazima zitoe sauti moja. La 2 likiwa chini, legeza taya, teremsha ulimi, vuta hewa polepole kutoka tumboni, kama mtu anayeanza kupiga mwayo.

Likishakaa sawa, nenda tundu la 3 la kuvuta. Lishushe nusu toni tu, usizidishe. Huzuni yote ya blues imelala hapo. Chukua kipande cha sekunde tano za Cotton, kipunguze kasi nusu kwa programu ya simu, ukirudie mpaka vidole vyako vigonge meza pamoja na ngoma.

Sukutua mdomo kabla ya kupiga. Ukimaliza, geuza matundu chini na ugonge harmonika taratibu kiganjani mate yatoke. Vilimi vya ndani, vipande vyembamba vinavyotetema na kutoa sauti, kwa kawaida ni vya shaba: ukipinda noti kwa mabavu vinachoka, vinashuka sauti, na tundu la 4 na la 5 la kuvuta huwa miongoni mwa ya kwanza kuharibika.