Jina la Bububu na gari la moshi

SWALI: Mzee wetu, shikamoo. Nasoma sekondari, nakaa Kibweni. Darasani tumeambiwa kuwa jina la Bububu, hapa Unguja, limetokana na mlio wa gari la moshi lililokuwa likiishia pale zamani. Babu anakataa katakata, ila hana ushahidi. Nani mkweli? Na hiyo reli imekwenda wapi?

JAWABU: Marahaba, mwanangu. Mkweli ni babu yako, na ushahidi upo. Gari la moshi la Bububu lilianza kwenda mwaka 1905. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, Sultani wa Zanzibar, aliwahi kukaa Bububu, naye aliondoka Unguja mwaka 1866. Alipochapisha kumbukumbu zake Ujerumani mwaka 1886, mahali pale alipaita Bububu, jina hili hili. Reli ilikuwa bado miaka 19. Gari ndilo lililolikuta jina.

Mimi ni mzaliwa wa Bububu. Nikiwa kwenye daladala ya 502 nikamsikia mgeni akisimuliwa kisa cha "bu-bu-bu", moyo huniuma, kwani ni kama kusema wazee wetu walikaa pasipo na jina mpaka Wamarekani walipokuja kutandika chuma.

Wamarekani nimesema kweli: walioijenga ni kampuni ya Arnold Cheney ya New York. Reli ilikuwa nyembamba, futi 3 tu baina ya chuma na chuma. Mtu mzima akitanua miguu anakanyaga pande zote mbili. Ilianzia mjini, nje ya Ngome Kongwe, ikaenda maili 7 hadi kwetu. Abiria wake hasa walikuwa watu wa kawaida, ingawa palikuwa na behewa la daraja la kwanza la wageni wa meli waliotaka kuona shamba kisha wawahi kurudi bandarini. Tazama picha za zamani: gari linapenya katikati ya nyumba za mjini, aliyekaa barazani angeweza kuligusa.

Bibi yangu mzaa mama alilipanda akiwa mtoto, yeye na shangazi yake, na pakacha la ndimu. Mlio hakuwa akiutaja kabisa. Alichokuwa akikisimulia ni kanga mpya ya shangazi iliyorudi na vitobo vitatu vya cheche, na jinsi shangazi alivyovihesabu njia nzima akilia.

Wala halikuwa la kwanza Unguja. Sultani Sayyid Barghash alitandika reli yake kwenda kasri la Chukwani mwaka 1879. Mwanzo mabehewa yakivutwa na nyumbu, kisha akaagiza kichwa cha mvuke kwa Bagnall, watengeneza vichwa vya treni wa Uingereza. Alipofariki mwaka 1888 na reli ikafa.

Ya Bububu iliuliwa na barabara. Magari yalipozidi, abiria wakalihama gari la moshi, na miaka ya 1920 haijamalizika likawa limesimama kabisa. Chuma kiking'olewa hakitupwi. Kwetu kipande kimoja kimelala juu ya mlango wa jikoni, kimebeba ukuta tangu enzi za babu yangu. Kila Shaabani tukipaka chokaa nyumba nzima, pale haishiki. Kutu inarudi juu kabla ya Idi. Mlete babu yako baada ya laasiri siku yoyote, akiguse kwa mkono wake.