Pogona kagoma kula? Anza na joto
Pole sana ndugu, pogona, huyu mjusi wa kufugwa, kukaa wiki nzima bila kula inatisha kweli, ila usimlazimishe chakula, cheki joto kwanza maana mjusi anategemea joto la nje, akikosa pa kuota vizuri chakula hakisagiki tumboni, sasa pale chini ya taa pawe nyuzi 38 hadi 42 na upande wa pili kama 26 hivi, upime na kipimajoto sio kukisia kwa mkono. Taa ya UVB, ile inayotoa miale kama ya jua, nayo huwa inaisha nguvu hata kama bado inawaka, ukiona imepita mwaka badilisha. Anapata choo? Kama ni mkubwa na huko ni winta huenda anapumzika tu, kawaida yao, lakini akiwa bado mdogo au mkia unakonda na macho yanazama, mpeleke kwa daktari wa wanyama anayejua mijusi leo leo, usisubiri.