Barua kwa Mwanangu: Chumvi ya Sahani Ndogo

Tanga, Jumapili jioni

Mwanangu mpendwa,

Nimeisikiliza sauti uliyonitumia Ijumaa mara tatu. Umesema hii ni wiki ya tano unakula kalori 1,200 kwa siku na hukosi kutembea jioni. Lakini Jumatatu baada ya harusi mizani ilipanda kilo moja na nusu, viatu vinabana, na waliokuja kupima afya kazini kwenu walikusomea presha ya 138 kwa 88. Ukaniuliza: "Mama, nishuke hadi kalori 900? Au niache chumvi kabisa?" Nakujibu kwa maandishi ili uweze kurudia kusoma ukiwa jikoni.

Usifanye lolote kati ya hayo mawili.

Tuanze na ile kilo moja na nusu, maana ndiyo iliyokutia hofu. Kilo moja ya mafuta ya mwili imebeba kama kalori 7,700. Ili unenepe kilo moja na nusu kwa siku mbili ingekubidi ule kalori zaidi ya 11,000 juu ya zile unazohitaji, na wewe ulikula sahani mbili za biriani. Kilichopanda ni maji. Miaka yote niliyokuwa wodini nimetundika dripu za maji ya chumvi, na kila chupa ya lita moja ina gramu 9 za chumvi, kwa sababu hicho ndicho kiwango kinachopatana na damu yetu. Sasa igeuze hesabu hiyo: ukila gramu 9 za ziada na figo bado hazijazitoa, mwili utazishikia kama lita moja ya maji. Lita moja ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Kwa mtu anayeketi ofisini kutwa, maji hayo hushukia miguuni. Bonyeza kidole kwenye muundi kwa sekunde kadhaa. Ukiona kimeacha kishimo, ndiyo hayo.

Ukipunguza chakula zaidi kwa sababu ya maji, utajitesa njaa bure, na mizani itapanda tena harusi ijayo.

Baada ya hapo nilikaa na kalamu na zile picha za vyakula ulizonitumia. Kabla ya hesabu, elewa neno moja. Kwenye pakiti nyingine huandikwa sodiamu, nyingine chumvi, kutegemea zinatoka nchi gani. Sodiamu ni sehemu ya chumvi, kama asilimia 40 ya uzito wake, nayo ndiyo inayopandisha presha. Ukikuta sodiamu, zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asifikishe miligramu 2,000 za sodiamu kwa siku, yaani gramu 5 za chumvi, hata kijiko cha chai hakijai.

Siku yako ya Alhamisi ilikuwa hivi. Asubuhi slesi mbili za mkate na chai bila sukari: kama miligramu 300. Mchana pakiti moja ya tambi za haraka, na nyuma yake imeandikwa kalori 310, sodiamu 1,420. Juu yake kijiko cha chakula cha soya sosi: kama 900. Usiku supu ya karoti na kabichi uliyoipika kwa vipande viwili vya kiungo cha supu. Kipande kimoja, karibu nusu ya uzito wake ni chumvi tupu, hivyo viwili nimevihesabu 1,800. Jumla inapita miligramu 4,400, ambazo ni gramu 11 za chumvi, zaidi ya mara mbili ya kiwango. Na kichupa cha chumvi hukukigusa siku nzima! Ulikuwa unaniambia kweli uliposema hutii chumvi.

Unaona kilichotokea? Ulipoondoa nazi, mafuta na sukari, chakula kikapooza mdomoni, ukatafuta kitu cha kukichangamsha kisichoongeza kalori. Chumvi haina kalori hata moja. Ndiyo maana ile programu ya simu inayokuhesabia haikulalamika. Kwake supu ile ni chakula cha kalori 90, basi. Na watengenezaji wa vyakula vya kupunguza uzito hufanya vilevile: wakitoa mafuta, ladha huirudisha kwa chumvi. Chakula kimepungua nusu, chumvi imebaki ileile au imeongezeka.

Kwa hiyo ukishika pakiti dukani, linganisha namba mbili tu, kalori na sodiamu. Kwa mtu anayekula kidogo kama wewe, miligramu za sodiamu zisizidi idadi ya kalori. Tambi zako zina kalori 310 na sodiamu 1,420. Zinashindwa mara nne na zaidi. Ukizitamani siku moja moja, chemsha tambi zenyewe, mwaga maji, na kile kipakiti cha unga usikifungue. Sehemu kubwa ya chumvi imo humo. Tia kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga, yai na mchicha mwingi.

Kuna jambo nililokufundisha mimi, na leo nalirekebisha. Magadi. Tangu utoto umeniona nikitia magadi kwenye maharage na kwenye mlenda, nawe unafanya hivyohivyo. Magadi nayo ni chumvi ya sodiamu. Lile Ziwa Natron lilipewa jina hilo kwa ajili yake. Kwa kuwa hayana ladha ya chumvi, ulimi hauyahesabu, lakini mwili unayahesabu. Loweka maharage usiku kucha, mwaga maji yale, yapike kwa moto mdogo. Yatachelewa kidogo kuiva. Mimi nimeacha magadi tangu nianze dawa za presha, na ilipaswa nikuambie siku ileile.

Nakueleza haya yote kwa sababu ya bibi yako. Wewe ulikuwa mdogo, unamkumbuka amelala tu. Hakuwa mnene hata kidogo, alikuwa mwembamba kuliko wewe, na watu walimsifia afya. Papa wa chumvi hakukosa jikoni kwake, na presha alipimwa kwa mara ya kwanza siku alipoanguka na mkono wa kulia ukafa. Sisemi ni papa peke yake. Katika ukoo wetu presha imo. Lakini ndiyo maana uliponitajia 138 kwa 88 sikulala. Shinikizo la juu tunaliita kuanzia 140 kwa 90. Wewe upo mlangoni.

Hata hivyo, kuacha chumvi kabisa usithubutu. Mwanzoni mwa kupunguza uzito, hasa ukipunguza ugali na wali, mwili hutoa maji na chumvi kwa wingi kupitia mkojo, na jua la Dar linakutoa jasho. Kile kizunguzungu cha wiki ya kwanza, ulipokuwa ukiinuka kitini, huenda kilitokana na hilo. Ninachotaka ni chumvi iliyopimwa. Asubuhi chota nusu kijiko cha chai, kifutwe kiwe sawa, weka kwenye kibakuli. Hiyo ni ya siku nzima, kwa kila sufuria. Nusu nyingine ya kiwango chako imeshajificha kwenye mkate, maziwa, mayai na samaki. Tia chumvi chakula kikishaiva, ulimi utaikuta juu na kidogo kitatosha. Iwe chumvi ya kawaida yenye madini joto. Ile ya pinki mliyoambiana ofisini ni sodiamu ileile kwa bei kubwa, na madini joto mara nyingi haina.

Ladha ipo kwingi. Ukwaju kwenye samaki, ndimu kwenye mchicha mwishoni kabisa, embe bichi kwenye kachumbari, bizari iliyokaangwa kavu. Wiki tatu au nne za mwanzo utaona chakula kimepooza, kisha ulimi utazoea, na supu ya mgahawani itakuwa kali mdomoni. Ongeza matembele, ndizi, maharage na parachichi robo, kwa sababu potasiamu iliyomo husaidia figo kuitoa sodiamu. Ila ile chumvi mbadala ya potasiamu inayouzwa dukani usininunulie mimi. Nilivyo na dawa zangu na figo hizi inaweza kunidhuru. Wewe muulize daktari kwanza.

Kalori ziongeze ziwe kama 1,400 au 1,500, huo mwendo wa jioni unahitaji nguvu. Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi ileile, kabla ya chai. Presha pima tena siku mbili tofauti: kaa kimya dakika tano, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, bila kahawa. Ikifika 140 kwa 90 nenda hospitali wiki hiyohiyo. Mguu mmoja ukivimba peke yake, au pumzi ikikubana, nenda siku hiyohiyo. Na kama kuna uwezekano wa ujauzito, niambie, maana hapo presha ina hesabu nyingine.

Kesho nakutumia mzigo kwa basi la saa mbili asubuhi. Kuna ukwaju kilo moja, pilipili manga, bizari niliyoisaga mwenyewe, na maharage mapya ya Lushoto. Ng'onda uliyoiomba, ule samaki mkavu wa chumvi, sijaitia. Utaikuta hapa Desemba, nitakuwa nimeiloweka usiku na kumwaga maji mara mbili, tutaila pamoja na baba yako.

Nipigie ukishapima.

Mama yako