Nairobi hadi New York: isome saa ya tiketi vizuri

Mama alipopata viza ya kwenda kumwona mjukuu wake New York, aliniuliza ni mbali kiasi gani. Nikamjibu: kutoka Nairobi, kama kilomita 11,800. Akaguna tu. Jibu lile halikumsaidia, nami najua kwa nini. Mara yangu ya kwanza kusafiri, kilomita nilizijua zote na bado ndege iliniacha.

Nilikuwa napitia Ghuba. Tiketi iliandikwa 00:45, tarehe 14. Kwetu Mombasa huo ni usiku wa kuamkia tarehe 14, yaani watu unawaaga tarehe 13 jioni. Mimi nikaaga tarehe 14. Dada wa kaunta akaitazama pasipoti, akaitazama tiketi, akaniambia taratibu, "Kaka, ndege yako iliondoka usiku wa kuamkia leo." Kiti kingine kilinigharimu karibu nusu ya nauli. Tangu hapo, tiketi yoyote inayoanza na 00 au 01 naiandikia kwa kalamu: "Jumanne, baada ya Isha, uwe uwanjani."

Kitu kingine: kila saa iliyochapwa kwenye tiketi ni saa ya mji uliotajwa pale. Mama alipanda ndege ya moja kwa moja, ile ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018. Aliondoka saa tano na nusu usiku, akatua saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Ukiitazama karatasi utadhani ni safari ya saa saba. Ongeza nane, maana ilikuwa Januari na New York iko nyuma yetu kwa saa nane (kuanzia Machi hadi mapema Novemba wanasogeza saa zao, tofauti inakuwa saba). Jumla, saa 15 angani. Kurudi ni kama 14, ingawa miji ni ile ile, kwa sababu huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda Marekani ni kwa mbisho, kama jahazi, kurudi unasukumwa.

Ukipitia Dubai, unaruka kama saa tano kuelekea kaskazini-mashariki, ilhali uendako ni magharibi, kisha saa 14 nyingine. Hizo ni 19, na kusubiri hujakuhesabu. Kwa kijana, nafuu ya nauli yaweza kufaa. Kwa mzee wa miaka 70, mimi ningekopa nimpandishe ya moja kwa moja.

Na kama unatoka Mombasa, usiitegemee treni ya alasiri siku ile ile ya safari. Syokimau, kituo cha treni cha Nairobi, ni karibu na uwanja, lakini treni ikichelewa kidogo tu utakimbizana na foleni ya mizigo.

Daktari alimwambia Mama asibadilishe saa za dawa ya presha akiwa njiani, kwa hiyo saa yake ya mkononi tuliiacha kwenye saa ya Nairobi. Alipotua alinipigia, miguu imevimba, viatu havimwingii. "Mwanangu, huku bado giza, na saa yangu inasema saa nane na nusu mchana." Nikamwambia anywe maji, avae ndara zilizo kwenye mfuko wa pembeni, na asilale mpaka jua la huko lizame.